Biskuti Nilizomkatalia Mke Wangu

Mimi na mke wangu tulianza chuo mwaka mmoja, idara moja ya uchumi, na tukakaa benchi moja. Wazo lilikuwa langu. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Dilala, mimi karani katika ofisi ya malori ya madini, na masomo ya alasiri yalitufaa sote. Nilidhani mimi ndiye nitakayemvuta mkono, kwa kuwa hesabu hazikuwahi kunisumbua.

Mwanzoni mambo yalikwenda nilivyotaka. Profesa alichora mstari wa mahitaji ukishuka na wa ugavi ukipanda, na jioni nilimweleza mke wangu kwa nini bei ya makala, yale makaa ya kupikia, hupanda mvua inapoharibu barabara ya Mutshatsha. Alisikiliza huku akisonga bukari. "Sasa naona, papa," alisema, nami nikalala nimeridhika.

Kisha tukaingia sehemu ya tabia za watu. Profesa alisema kwamba watu wa kweli hawaamui kama wale wa vitabuni, akauliza nani ana mfano wa mtu anayeng'ang'ania hasara kwa sababu tu ameitolea jasho. Mfano nilikuwa nao. Mdogo wangu alichimba shimo moja la kobalti msimu mzima bila kupata kitu. Wenzake walipomwita kwenye shimo lenye madini, alikataa. Habari hiyo nilikuwa nimemsimulia mke wangu njiani tukija. Nikiwa bado natafuta Kifaransa kizuri cha kuisemea, nikaona mkono wake uko juu.

"Shemeji yangu ni mchimbaji," alianza, akaeleza yote. Mwishoni akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza: kwamba shemeji yake hakulipenda lile shimo, bali aliogopa kuonekana mbele ya wenzake kuwa amefanya kazi bure.

Profesa aliweka chaki chini. "Mama, rudia, wa nyuma nao wasikie."

Nilitabasamu kama mume anayejivunia mkewe, huku moyo ukiniwaka. Mfano ulikuwa wangu na sifa zikaenda kwake. Tangu siku hiyo nilianza kumchunguza. Karatasi za majaribio ziliporudi, nilitazama alama zake kabla ya zangu. Asistanti wa profesa, kijana aliyenyoa vizuri, alipochelewa naye mlangoni wakicheka, nilimsubiri mke wangu nje nikiwa nimekunja uso.

"Munacheka nini na ule kijana?" nilimuuliza.

"Anacheka grafu yangu, papa. Nilichora mistari yote imepinda."

Sikuamini.

Siku moja asistanti huyo alituletea mchezo. Mtu mmoja hupewa biskuti kumi na kumgawia mwenzake kiasi anachotaka. Mwenzake akikubali, kila mmoja anachukua sehemu yake. Akikataa, zote zinarudi kwa asistanti na wote wawili wanakosa. Alituita mbele mimi na mke wangu, darasa likashangilia, na biskuti akampa yeye.

Mke wangu alifikiri kidogo, akanisukumia mbili.

Nilijua kitabu kinasema nini: mbili ni bora kuliko kukosa. Lakini nilimwona asistanti akimtazama, nikaziona zile nane mbele yake, na kinywa changu kikasema, "Ninakatala."

Watu walicheka sana. Asistanti alifurahi kuliko wote, maana hilo ndilo alilotaka kutufundisha. Akamgeukia mke wangu. "Mama, tuelezee, kwa nini amekataa?"

Aliniangalia kwanza, kana kwamba ananiomba ruhusa. Kisha akajibu kwa sauti ya chini, "Ni kwa sababu anaona afadhali wote tukose, kuliko mimi nipate zaidi yake."

Tulirudi kwa moto moja, pikipiki ya kukodi, yeye katikati, mimi nyuma. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema. "Papa, zile zote zilikuwa za batoto. Nilijua utakubali, tungezibeba kumi nzima." Watoto walitupokea wakatazama mikono yetu, na haikuwa na kitu.

Matokeo yalipobandikwa, yeye alifaulu vizuri na mimi nikaanguka mtihani wa mikro, lile somo la bei na mahitaji. Kwa wiki kadhaa nilisoma na rafiki asiyejua zaidi yangu, ili tu nisimuulize yeye. Rafiki huyo alipokwenda Kisenge kumuuguza baba yake, nilibaki peke yangu na mada ya mnyumbuko wa mahitaji, nisielewe kitu. Jumapili moja baada ya misa mke wangu alivuta kiti, akaketi kando yangu.

"Fungua pale pasipoingia kichwani," alisema.

Nilifungua. Alinifundisha kama anavyofundisha watoto wa shule, bila haraka na bila kunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilirudia mtihani nikapita, kwa shida.

Sasa tuko mwaka wa pili, na profesa amemwomba awasaidie wa mwaka wa kwanza kwa mazoezi. Jumamosi mimi humsindikiza hadi mlangoni mwa ukumbi. Vijana husimama kumsalimia, wengine wanambebea vitabu. Juzi mmoja aliniuliza kwa adabu, "Tata, na wewe unasomaka hapa?"

"Ninasomaka," nilimjibu. "Na ule ni bibi yangu."

Nilikaa benchi la nyuma nikamtazama akichora, mistari yake ikiwa imenyooka. Nilijivuna kweli. Na wivu nao ulikuwapo, haujaondoka hata leo.