Vijiti vya Cherop

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyenichanganya kama Cherop. Naandika haya nikiwa bado nimechanganyikiwa, kwa hivyo msomaji anivumilie.

Nilipostaafu nilikodi chumba juu ya duka la dawa za mifugo hapa Nakuru, nikabandika karatasi mlangoni: Madam Nanyama, Matayarisho ya Chuo Kikuu, Ndani na Nje ya Nchi. Chumba kinanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, lakini wanafunzi wanakuja. Wengi wamefundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na bado vyuo vya ng'ambo vinawataka wathibitishe kwamba wanakijua. Jambo hilo hunikera sana, ingawa ndilo linaloniweka mjini.

Cherop alikuja mwezi wa Januari kutoka Kuresoi, msichana wa miaka ishirini na miwili, viatu amevisugua hadi vinang'aa lakini udongo wa shamba bado umo kwenye kucha. Alitaka kusomea kilimo katika chuo kimoja cha ng'ambo. Kulikuwa na shirika lililokuwa tayari kumgharamia kila kitu kwa masharti mawili: apite mtihani wa Kiingereza, na aandike kurasa mbili akijieleza yeye ni nani na amefanya nini maishani. Akikosa nafasi hiyo ni kurudi shambani, maana nyumbani hakukuwa na njia nyingine ya kumsomesha.

Mtihani aliupita bila kutoa jasho. Zilizotushinda ni zile kurasa mbili.

Kwanza nieleze alichokuwa amefanya. Kule kwao viazi vilikuwa vinanyauka kabla ya kukomaa. Watu walikuwa wanauza viazi vikubwa na kurudisha vidogo ardhini kama mbegu, bila kujua kama vimetoka kwenye shina zima au shina gonjwa. Wangejuaje? Siku ya kuvuna majani yote yameshakufa. Cherop alipomaliza kidato cha nne alianza kutembea shambani kwa mama yake wakati viazi vina maua, akichomeka kijiti kando ya kila shina lenye afya. Siku ya kuvuna, mbegu ilichukuliwa penye vijiti tu. Baada ya misimu mitatu shamba hilo lilikuwa la kijani huku mashamba ya majirani yamenyauka, na leo familia kumi na nne za kikundi chao zinachomeka vijiti.

Sasa soma karatasi yake ya kwanza. Mama alitoa shamba. Mzee Kipngetich, baba yake mdogo ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, aliongoza. Majirani walisaidia. Mungu alijalia mvua. Niliisoma mara mbili nikimtafuta Cherop na sikumpata, nikachukua kalamu yangu nyekundu.

"Nani anaomba hii nafasi, ni wewe ama ni kijiji?"

"Ni mimi, Madam."

"Sasa mbona hapa haupo?"

"Niko, Madam. Niko hapo kwa majirani."

Nikamwambia aandike upya na ajitaje. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue viatu kanisani.

"Madam, kwetu mtu hajisifu. Si ni wengine ndio wanafaa kukusema?"

"Hawa watu hawakujui. Usipojisema, hakuna atakayekusema."

"Lakini nikiandika ni mimi, watu watauliza mama alikuwa wapi."

Nikapandisha sauti, kama nifanyavyo nikibanwa. Ukweli ni kwamba mambo haya ya kujieleza sikufundishwa na mtu. Enzi zetu barua ya kuomba nafasi ilianza kwa unyenyekevu na kuishia kwa unyenyekevu, na katikati ulitaja alama zako. Haya mengine nimeyaokota kwenye mtandao, kwenye mifano ya watu wanaoandika kana kwamba wao ndio walioumba dunia. Nikaona hivyo ndivyo wanavyotaka, nikaanza kufundisha. Wanafunzi wangu hawajui hilo, na sikuwa na haraka ya kuwaambia.

Cherop aliandika mara tano. Ya tano ilisema: mimi niligundua, mimi nilianzisha, mimi niliongoza familia kumi na nne. Alinikabidhi huku macho yake yako dirishani. Nikaisifu, tukaituma.

Mwezi wa Aprili, siku ya Jumanne, alipanda ngazi na kuniletea simu yake nisome. Lile shirika lilikuwa limezungumza na mdhamini aliyemtaja kwenye fomu, Mzee Kipngetich, na maelezo ya mzee hayakufanana na yale aliyoandika yeye. Atoe ufafanuzi kabla ya Ijumaa, la sivyo ombi lake litafungwa. Cherop hakulia. Aliuliza tu.

"Madam, kwani nimedanganya?"

"Hapana."

"Ni Mzee amedanganya?"

"Sidhani."

"Sasa?"

Nilisema kesho yake tutaenda Kuresoi, nikafunga darasa.

Tulikuwa jikoni kwa mama yake, chai ndiyo imewekwa tu mezani, Mzee Kipngetich alipoingia na mabuti yake ya mvua akitabasamu. Hakungoja kuulizwa.

"Walipiga!" akasema. "Mama mmoja wa Nairobi, anaongea polepole. Ameuliza kama ni Cherop alianzisha hiyo maneno ya vijiti. Nikamwambia hapana, hiyo ni kazi ya sisi wote, hii mtoto haiwezi kufanya kitu peke yake. Nimekusaidia, msichana wangu. Sasa wamejua hauna kiburi."

"Mzee, umemharibia!" nikafoka. Mama yake Cherop, aliyekuwa anachochea moto, alisimama. Nilifoka zaidi. Nilimwambia mzee kwamba huko ng'ambo hakuna anayetaka mtu asiyefanya kitu, na kwamba kwa maneno yake msichana sasa anaonekana mwongo.

Mzee alinitazama, kisha akamtazama Cherop. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Madam, watu wakikuja kwako kuuliza juu ya msichana wa mtu, wewe unasema nini? Si unasema ni mnyenyekevu? Ama nilifaa kusema nini?"

Familia zinazotaka kuposa zimetuma watu mlangoni kwangu zaidi ya mara moja kuuliza habari za wasichana wa jirani, na kila mara nimejibu vilevile alivyojibu mzee. Niliona aibu, lakini hasira nayo haikuisha, na vyote viwili vilikaa kifuani bila kusikilizana.

Mzee akatoa simu. Alitaka kumpigia yule mama wa Nairobi abadilishe aliyoyasema.

"Hapana, Mzee," Cherop akasema. "Ukibadilisha wataona sisi wote ni waongo." Alivuta daftari lake mezani, akafikiri. "Kijiti ya kwanza nani aliweka?"

"Si ni wewe."

"Nani aliniambia niweke?"

"Nani angekuambia? Tulikuwa tunakucheka. Mimi ndio nilicheka sana. Kuna siku nilitoa vingine hapo chini, nikawasha moto, nikachoma mahindi."

"Halafu?"

"Halafu ukakata vingine." Mzee aliweka simu mezani. "Haukusema kitu. Ukaenda tu ukakata vingine."

"Na mimi nilimwambia aache," mama yake akasema akiwa pale pale kwenye moto. "Nilimwambia ananiaibisha. Watu walikuwa wanapita wanauliza kama kuna watoto wanacheza kwa shamba langu."

Kwa hivyo mama alikuwa hapo. Cherop aliinamia daftari na kuandika yote kama yalivyosemwa, kwa Kiingereza chake mwenyewe: kicheko, moto, mahindi, aibu ya mama, na vijiti vya mara ya pili. Kisha akaandika jinsi majirani walivyokuja baadaye kumuuliza anafanyaje, na jinsi walivyobeba vijiti kwa magunia hadi kwenye mashamba yao. Kalamu nyekundu ilikuwa mkobani na sikuigusa.

Mzee alitaka asomewe. Cherop akamsomea kwa Kiswahili, polepole.

"Hata hiyo ya moto umeandika?"

"Nimeandika."

Mzee alikuna shingo. "Basi weka jina yangu yote, wasifikiri ni mzee mwingine."

Tulituma Alhamisi. Jibu lilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo nilisahihisha kazi za watu vibaya kabisa. Lilipokuja, nafasi ilikuwa yake.

Agosti walimfanyia maombi ya kumuaga nje ya kanisa lao, nami nikapewa kiti mbele, kando yake. Mzee Kipngetich alisimama kuongea kwa niaba ya kikundi. Alikuwa amevaa koti. Akasema:

"Hii mtoto haijafika hapa peke yake. Ni sisi tumemfikisha. Hiyo maneno ya vijiti ni yetu sisi wote, na sasa tunaipeleka ng'ambo."

Watu walipiga makofi. Mama yake alipiga kuliko wote. Mzee huyu, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa ametuambia alivyovichoma! Nilimgeukia Cherop nione kama ameumia. Alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka mapajani, na anatabasamu. Mimi niliyelipwa kumfundisha kujieleza sikuweza kusoma uso huo. Nikaanza kuinuka.

Akanishika mkono wa sweta, taratibu, bila kuinua kichwa.

"Madam," akanong'ona, "leo usisahihishe."