Mvuvi Asiyevuta

Kaka yangu alitengeneza meno ya bandia kwa miaka thelathini na minne, na mpaka leo nusu ya wazee wa mtaa wetu wanatafuna kwa kazi ya mikono yake. Ndiyo maana wakamwita Meno, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuyaonyesha ya kwake. Wifi yangu alipofariki, kaka alifunga karakana. Akabaki na nyumba ya vyumba vinne, vitatu hafungui, na bwawa lililo nyuma ya mji, anakokwenda kuvua kila siku isipokuwa siku ya mvua kubwa.

Minyoo hakutaka hata kuiona. Alivua kwa chambo cha manyoya, yaani ndoano ndogo iliyovishwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu. Juu yake, kwenye mshipi, alifunga boya la rangi ya chungwa, dogo kuliko kidole gumba. Kazi yote ni kulikodolea macho boya hilo.

Mwezi uliopita binti yake alinipigia simu. Anaishi mji mwingine, ghorofa ya nne.

"Shangazi, mlinzi wa bwawa anasema baba anakaa kutwa, boya linaguswa na yeye hashtuki. Nadhani macho yamekwisha. Nenda ukamwangalie. Kama haoni, nakuja kumchukua. Sitaki kusikia ametumbukia."

Mimi ni mshonaji. Naishi mtaa wa pili kutoka kwa kaka, na nilikuwa na miezi minne sijabisha hodi kwake. Mara sare za shule, mara goti, mara mvua. Asiyetaka kwenda hakosi sababu.

Nilimkuta bwawani, kwenye kigoda chake, koti limeachwa bila kufungwa vifungo.

"Umepotea njia?" akaniuliza.

"Nimekuja kukutazama. Kuna kodi?"

"Tazama boya. Mimi sina jipya."

Nikakaa kwenye jiwe. Sikutaka ajue nimetumwa, nikamwomba anifundishe. Hapo akachangamka kidogo. Akasema samaki wa pale, wale wenye mdomo mpana, hawadaki chambo kwa fujo. Samaki anakinyonya taratibu, akionja si chakula anakitema, hujamaliza hata kuhesabu mbili. Anayesubiri boya lizame atakufa njaa.

"Sasa utajuaje?"

"Kuna upepo, boya linatembea. Likisimama, kuna mdomo chini. Likilala ubavu, amekinyanyua chambo. Likienda upande upepo usikoenda, usiniulize, vuta. Ukishuku tu, vuta. Kuvuta bure hakuna hasara."

Tukatazama maji. Majani makavu yalielea pamoja na boya, na punde boya likasimama, majani yakalipita. Nilimtazama kaka. Hakuvuta. Baadaye likalala ubavu, likainuka tena. Kaka akajikuna shingo. Mara ya tatu likajongea dhidi ya upepo, waziwazi, hata mimi wa cherehani nililiona. Yeye alikuwa ameelekeza uso kulekule, fimbo ya kuvulia mapajani, hata haitikisiki.

Nikamwonea huruma. Nikasema naenda kujinyoosha goti. Kwenye kibanda cha mlinzi nikampigia binti yake. "Haoni," nikamwambia. "Mara tatu, mama. Haoni kabisa." Akasema atakuja Jumapili.

Niliporudi, kaka alikuwa anakusanya mshipi.

"Mara tatu leo," akasema. "Wa mwisho alikuwa mkubwa. Uliliona lilivyokwenda kinyume?"



"Uliona? Sasa mbona hukuvuta?"

Akaninyooshea chambo kilichokuwa bado kwenye mshipi. Ndoano haikuwa na ncha, imevunjwa kwa koleo. Ndipo nikaitazama mikono yake, si macho. Ilikuwa inatetemeka, ule mtetemeko ambao mtu hawezi kuuzuia kwa kukunja ngumi.

"Hiki ndicho cha mwisho nilichoweza kukifunga mwenyewe kwenye mshipi," akasema. "Samaki akinasa akaukata mshipi, siwezi kufunga kingine. Basi nikaivunja ncha. Wanakuja, wanagusa, nawaona, wanaenda zao."

Kibweta chake kilijaa vyambo vizima, vimepangwa kwa rangi.

"Mimi nafunga nyuzi kutwa nzima!" nilifoka. "Mtaa wa pili tu! Kwa nini hukuja?"

"Nilikuja. Ulikuwa na wateja. Ukasema, kaka, leo nimebanwa, pita kesho."

Nikakumbuka. Alisimama mlangoni na kitu mkononi, nami nilikuwa na pini mdomoni. Sikuuliza ni nini. Kesho yake hakuja, nami sikujali kwa nini.

Nikampigia tena binti yake, palepale, mbele ya kaka. Nikamwambia nimekosea, macho ni mazima, tatizo ni mikono tu, na mimi nitakuwa namfungia.

"Mikono?" akasema. "Anapikaje? Anafunguaje gesi? Shangazi, basi ndiyo nakuja kabisa."

Maji yakimwagika hayazoleki. Zilibaki siku nne. Kila asubuhi nilikwenda kumfungia chambo, dakika mbili na miwani yangu, nikakaa naye mpaka jua kali. Alinasa samaki wawili, akawarudisha majini wote. Hatukuzungumza mengi. Cherehani ilikaa bila kuguswa na hakuna mteja aliyekufa.

Jumapili binti akaja na gari. Alimfunga baba yake mkanda, maana yeye alihangaika nao mpaka akauacha. Nikainama dirishani nikamwambia, "Kaka, nitakuja kukuona."

"Sawa," akasema. Hakuniuliza lini.