Fundi Sponji na Chupa ya Mofini

Fundi Sponji hakumwamini mtu, na sababu aliijua mwenyewe. Miaka yote alitengeneza makochi mapya kwa takataka: chini alishindilia viraka na magunia, juu akalaza sponji nyembamba, kisha akavika kitambaa cha kung'aa. Wateja walikalia, wakasifu, na wakigeuka tu aliwaita mabwege. Mtu wa namna hiyo hudhani dunia nzima inamfanyia alivyowafanyia wenzake.

Siku moja kochi zito lilimwangukia wakati wa kupakia, likamvunja mgongo. Alipasuliwa, maumivu yakabaki, akapewa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Mkewe ndiye aliyempimia, asubuhi na jioni. Mwanzoni dawa ilikuwa rehema. Baadaye ikaongezwa, ikaongezwa tena, lakini maumivu hayakunywea. Yalitoka mgongoni yakatambaa hadi mabegani na miguuni. Shati likimgusa, alifoka. Shuka likimgusa, alitukana.

"Unaichakachua dawa yangu," alimwambia mkewe.

"Naichakachua na nini?"

"Na maji ya bomba. Unadhani mimi mtoto?"

"Nakuogesha, nakuvisha, nakulisha. Leo nimekuwa mwizi?"

"Kwani mwizi ana mapembe?"

Hakuishia hapo. Alimtangaza kwa majirani, kisha, bila haya, akampigia simu mama mkwe wake kumweleza kwamba amezaa mwizi. Mkewe alisikia kila neno akiwa jikoni.

Asubuhi yake alijikongoja peke yake hadi hospitali, akadai chupa ambayo haijafunguliwa. Alipimiwa mbele ya macho yake, akanywa, akakaa kwenye benchi kusubiri nafuu. Nafuu haikuja. Muuguzi alipomgusa bega kumjulia hali, alipiga ukelele uliogeuza foleni nzima.

"Hata nyinyi mnachakachua!"

Daktari, mama asiye na muda wa kubembeleza, alimwingiza ndani.

"Dawa ni safi, mzee. Tatizo ni mishipa yako ya fahamu. Imekaa na mofini muda mrefu mno, imekuwa mikali. Ukiguswa na shati tu, inapeleka habari kwamba unaumia. Ukiongeza dawa, unaongeza ukali."

"Kwa hiyo dawa ndiyo inaniuma?"

"Kwa sehemu kubwa. Tutaipunguza kidogo kidogo, usiiache ghafla. Mwanzoni utateseka. Kwa hiyo lazima nyumbani awepo mtu wa kukupimia, maana ukiachiwa chupa utaongeza mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa amefura. Alimkasirikia daktari, akaikasirikia mofini, na zaidi ya yote akamkasirikia mkewe kwa kutokuwa na kosa. Alimkuta mkewe sebuleni, amevaa viatu, begi limefungwa, anamsubiri kaka yake aje kumchukua.

"Dawa haikuchakachuliwa," alisema Fundi Sponji, kama anayetema mwiba.

"Hilo nilikuwa nalijua."

"Daktari anasema lazima awepo mtu wa kunipimia. Bila hivyo sitapona."

"Basi mtafute."

"Nimtafute nani?"

Mkewe alinyanyua begi. "Yeyote unayemwamini."

Fundi Sponji alifungua kinywa ataje jina. Alikuwa bado anafikiri gari la shemeji yake lilipopiga honi nje.