Udi wa Mama Ndani ya Mkebe

Vijana wenzangu walitamani baiskeli. Mimi nilitamani kuwa mtu wa kwanza kuingia ghalani baada ya gesi.

Ghala letu la korosho lilikuwa njia ya Mapinga. Kila msimu lilipigwa gesi ya kuua wadudu, likafungwa siku kadhaa, kisha mtu mmoja aliyevaa kinyago cha mpira chenye mkebe puani huingia kufungua madirisha. Mwaka ule msimamizi akanichagua mimi, akanipa kinyago nikakizoee nyumbani.

Mama alikinusa, akakunja uso. "Uende kwa watu unanuka mpira?" Akawasha chetezo. Nikavaa kinyago, nikakiinamia kile chetezo nivute udi. Sikusikia harufu hata chembe!

"Udi wangu mzuri huu husikii?" Mama akaudhika, akaongeza. Jioni tatu tulifanya hivyo, tukicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya kazi, nikiwa nimevaa kinyago, msimamizi alinipitishia puani kitambaa chenye petroli. "Unasikia harufu? Ukisikia, huingii."

Niliisikia waziwazi. Wapagazi wote walikuwa wakinitazama, na mlango ule nilikuwa nimeuota miaka. "Naisikia, mzee."

"Kaogopa huyo!" wapagazi wakapiga kelele. "Mrudisheni kwa mama yake!"

Nikaeleza habari ya udi. Mzee alicheka hadi machozi, akaupasua mkebe. Zikamwagika chembe nyeusi.

"Mkaa wa vifuu vya nazi," akasema. "Umechomwa kwa ufundi hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Sumu ikipita hunata humo kwenye kuta, wewe ukavuta hewa safi. Sasa umevijaza udi, sumu ingekaa wapi? Ungesema husikii, leo tungekusalia."

Vifuu! Vile vile tunavyotupa jalalani!

Akafunga mkebe mpya, akapitisha petroli. Sikusikia harufu. Nikaingia. Dirisha la kwanza, la pili, yote! Jua likamwagika juu ya magunia, nami nikatoka mikono juu kama niliyefunga goli. Wale wale wapagazi wakanipigia madebe.

Nyumbani mama alinipokea mlangoni, akanishika mashavu. "Haya, umesikia harufu gani huko ndani?"

"Sikusikia kitu, mama."

Safari hii hakuudhika.