Nilimwambia Baba Yake Kwamba Atomu ni Hesabu Tu

Kosa ni langu, msinitafutie wa kunisaidia kulibeba. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kalemie, na kuna binti nilimfungia njia kwa mdomo wangu.

Feza alikuwa mwaka wa mwisho. Niliwafundisha kwamba kiini cha atomu kinahesabiwa kama tone la maji. Baadaye nikawaambia kinahesabiwa kama nyumba ya ghorofa, kila chembe na chumba chake. Akanyoosha mkono.

"Prof, ni kile kile kiini? Tone haina vyumba. Ya kweli ni gani?"

Swali zuri jamani! Nikamwambia aandike tu, mtihani hauulizi hayo. Akaenda nalo nyumbani.

Baba yake, katekista, akaja kuniuliza kwa heshima zote. Walimu wenzangu walikuwepo, na mimi, ole wangu, nikataka kuonekana mwanafalsafa.

"Papa, hakuna ya kweli. Ni hesabu tu za kupata jibu. Kwani hicho kiini, nani alikiona?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi mutoto wangu anasoma uongo?"

Ningejibu! Niliamini, na bado naamini, kwamba kiini kipo, na kila mchoro unashika upande wake wa kitu tusichokielewa chote. Kama hakuna kitu, mbona hesabu zote mbili zinakubaliana na vipimo? Sikusema. Kile kicheko kilininogea.

Feza akatolewa shuleni na baba yake, akaozwa.

Tangu hapo sina amani. Nikichora lile tone ubaoni, nasikia kiti chake kinasogea nyuma yangu. Nageuka, amekaa mwingine. Wanafunzi wamezoea kunisubiri nirudi kwenye somo.

Juzi nilimkuta Feza ufukweni akianika ndakala, wale dagaa wa ziwani. Nikajikaza, nikamwomba msamaha. Nikamwambia sikuamini nilichosema, na kwamba mdogo wake, anayetaka sayansi, aachwe asome.

Akanitazama bila hasira. Afadhali angenitukana!

"Nilishamukataza, Prof. Nilimuambia wewe mwenyewe ulisema ni uongo."

"Nilikosea, Feza."

"Sasa nitajua namna gani? Pengine ulidanganya siku ile, pengine unadanganya leo."

Akaendelea kugeuza samaki wake.

Walimu wenzangu, mzazi akiwauliza, mwambieni mnachoamini, hata kama ni nusu, hata kama wenzenu watawaona washamba. Mimi sasa naisema kweli yote niliyo nayo, na yule binti niliyepaswa kumwambia haniamini tena.