Kutembea Bila Shughuli

Wiki iliyopita nilimwona mwanamke mgeni akitembea ufukweni, mikono mitupu, viatu vya raba miguuni. Watu wakasema anafanya jinastika, mazoezi ya mwili, anapumzisha akili. Hakuna aliyemcheka. Mimi nilikasirika mpaka mtoto wangu akaamka mgongoni.

Mama yangu hakuachiwa kutembea hivyo. Kwetu Tungue mwanamke anayetembea bila shughuli husemwa, basi maji yakipwa alibeba kikapu, kana kwamba anakwenda kuokota kome. Alasiri moja, nikiwa mdogo, alinichukua. Matope yalinuka mwani, na nilisikia kaa wadogo wakichakura mashimoni. Mama alitembea polepole, maji vifundoni, akivuta pumzi ndefu. Kome walikuwa tele, lakini hakuinama.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akiokota na wenzake. Akapaza sauti: "Wifi, kome wamekuona wakakimbia?" Wakacheka wote.

Nilidhani Mama hajui kuokota. Kwa aibu nikaanza kumjazia kikapu. Akawamwaga kome wote majini.

"Usinijazie, mwanangu. Kikijaa, itabidi turudi."

Nikataka kumshika mkono. "Leo hapana," akasema, akaenda mbele peke yake. Nilibaki nimesimama nikiutazama mgongo wake, nikiamini amenichoka.

Na kweli alikuwa amenichoka, sasa najua. Nami nina wangu. Nampenda, namchoka, na sina hata mtu mmoja wa kunishikia mtoto nikatembee.