Siku Jui-wen Alipomtaja Mama Yake

Dada yangu Pi-hsia ana kibanda cha chakula cha asubuhi hapa mjini Puli, mwaka wa kumi na tisa sasa. Miaka yote hiyo nimesimama naye bega kwa bega jikoni, na sikujua kwamba kusoma kunamshinda. Nalisema mapema kwa sababu ndilo linalonichoma.

Kwetu mteja hupewa karatasi yenye orodha ya vyakula, anaweka alama ya vema kwenye anachotaka, anaiacha kaunta. Dada alikuwa akiichungulia mara moja tu na mikono yake inaanza kazi. Nilimsifu kwa wepesi huo. Kumbe hakuwa akisoma neno. Alikuwa amekariri mahali: alama ya tatu kutoka juu ni chapati ya yai, ya mwisho kulia ni maziwa ya soya baridi.

Mwezi wa nne, mimi na kiherehere changu, nikachapisha karatasi mpya za rangi, vyakula nimevipanga upya. Wiki ile dada aliharibu kila kitu. Mzee wa posta alitaka maziwa ya soya, akapewa supu ya mahindi. Nikamtania mbele ya foleni nzima.

"Dada, leo macho umeyaacha kitandani?"

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akasema ni uzee. Kesho yake nikamtania tena, na keshokutwa.

Binti yake, Jui-wen, yuko darasa la tano, na kwake maandishi yanageukageuka vilevile. Tofauti ni kwamba yeye shule inajua. Wako sita wa namna hiyo, wanafundishwa na Mwalimu Kuo, na mwisho wa muhula kila mmoja husimama mbele ya wazazi akazungumza dakika tatu bila karatasi. Jui-wen ni mtoto ambaye akiulizwa swali darasani hutazama viatu vyake. Mwezi mzima alifanya mazoezi akiiambia friji, na sisi tukipita, kimya. Dada alikwenda hekaluni kuchoma ubani. Aliniambia haombi mtoto awashinde wengine, anaomba afike mwisho tu, asije akalikimbia jukwaa kama mwaka jana.

Siku ilipofika tulikaa safu ya pili. Jui-wen alianza kwa sauti ya kutetemeka, kisha ikatulia. Akaeleza jinsi maneno yanavyomhangaisha. Nikaanza kupumua. Ndipo akasema:

"Mama yangu pia hawezi kusoma vizuri. Mama mdogo alipobadilisha karatasi za dukani, mama alinitaka nimsomee kila jioni mpaka akazikariri upya. Siku sita. Watu walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ile kazi naijua."

Nilitamani sakafu inimeze. Dada uso wake uliiva, akainuka, akaelekea mlangoni bila kumtazama mtu. Jui-wen akauona mgongo wa mama yake unaondoka, na sauti ikamkatika. Alisimama pale mdomo wazi, macho yakishuka taratibu kwenye viatu. Mwalimu Kuo akaanza kupiga makofi ili amwokoe, kana kwamba mtoto ameshamaliza.

Dada alikuwa ameshashika kitasa. Akageuka.

"Ni kweli," akasema, kwa sauti ile ya kuita wateja. "Kusoma kunanishinda. Endelea, mwanangu, hujamaliza."

Watu wote waligeuka kumtazama. Kisha wakatazama kiti alichokiacha, kisha wakanitazama mimi niliyekaa kando yake. Miongoni mwao walikuwa wateja wetu wa kila siku. Na mimi, badala ya kuinuka nikasimame na dada yangu, nikauinamia mkoba wangu na kujifanya natafuta simu. Niliona aibu kuonekana niko naye. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nilipoinua uso Jui-wen alikuwa anazungumza tena, na alikuwa ananitazama mimi, si mama yake. Alifika mwisho. Dada alipiga makofi kutoka mlangoni, na ukumbi mzima ukamfuata. Mikono yangu bado ilikuwa ndani ya mkoba.